Mikono 81: maisha ya Mchungaji William Sheppard, na liste yetu

Maneno haya yalisomwa na komite mbele ya mkutano mkubwa wa wanamemba, Rutshuru. Tunayachapa kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa ajili ya marafiki wanaotusaidia kutoka mbali.



Tunaona jua ni kali. Wengine mulitoka Kiwanja, wengine Kalengera na Rubare, wengine Rugari, na wale wa Jomba waliondoka mapema kabisa. Aksanti kwa kufika. Tunajua pia kile kilichowaleta: munataka kusikia liste. Liste iko hapa juu ya meza, na tutaisoma. Lakini komite ilisikilizana kwamba leo tusianze na majina. Tuanze kwanza na maisha ya mtu mmoja, halafu tutarudi kwenye liste, na mutaelewa sababu.

Mtu huyo ni Mchungaji William Henry Sheppard, wa kanisa la Presbiteri. Hapa kwetu Rutshuru, wengi tuko Wakatolika, wengi tuko CBCA, Waadventista wako, ndugu zetu Waislamu wako. Wapresbiteri njo wachache. Mizizi yao hapa Kongo iko Kasai, mbali sana na sisi, upande wa magharibi. Lakini habari hii si ya kanisa moja. Ni habari ya mtu aliyeenda kuona, akahesabu, akaandika, na hata walipompeleka tribunali hakuikana hesabu yake.

Mrudi kama sisi

Sheppard alizaliwa tarehe 8/3/1865 katika mji wa Waynesboro, jimbo la Virginia, Marekani. Alikuwa mtu mweusi. Mama yake alizaliwa huru, lakini watu weusi wengi wa jimbo lile walikuwa bado watumwa, na vita vilivyovunja utumwa vilikuwa vinakaribia mwisho. Baba yake alikuwa kinyozi, na alikuwa pia akitunza jengo la kanisa. Mtoto akasoma Hampton, shule iliyofunguliwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, halafu akasomea uchungaji Tuscaloosa, jimbo la Alabama. Akafanya uchungaji Montgomery na Atlanta.

Lakini moyo wake ulikuwa huku. Babu zake walichukuliwa Afrika kwa nguvu, na yeye alitaka kurudi kwa mapenzi yake mwenyewe. Kwa hiyo tukimwita mrudi, hatukosei.

Akaomba kanisa lake limtume. Kanisa likamwambia angoja. Akaandika tena, akaambiwa angoja. Miaka ikapita miwili. Sababu haikuwa elimu, maana alikuwa nayo. Sababu haikuwa afya. Wakubwa wa kanisa lile hawakutaka kumtuma mtu mweusi peke yake bila mzungu wa kumsimamia. Ilibidi apatikane kijana mzungu, Samuel Lapsley, mdogo wake kwa umri, ndipo wote wawili wakaruhusiwa kuondoka mwaka 1890. Mwaka 1891 walifungua misheni Luebo, Kasai.

Muangalie sasa namna mambo yalivyogeuka. Mwezi wa 3 mwaka 1892, Lapsley aliugua homa akafa huko Matadi. Msimamizi hayuko tena. Kazi ilianguka? Hapana. Sheppard aliendelea, na mwaka uleule alifika mahali ambapo wageni walikuwa hawafiki: Mushenge, kwa mfalme wa Wakuba.

Njia ya kwenda kule ilikuwa siri. Mfalme alikataza watu wake kuionyesha kwa mgeni yeyote, na adhabu ilikuwa kifo. Sheppard hakuchukua bunduki. Alikuwa amejifunza lugha, na alinunua mayai. Akifika kijiji, ananunua mayai, anayamaliza, anauliza soko gani lingine lina mayai. Watu wake wanatumwa kununua, na yeye anafuata njia waliyopita. Kijiji baada ya kijiji, mpaka akafika. Pale kwa mfalme, watu wa jumba wakasema huyu si mgeni, ni mfalme wetu wa zamani aliyerudi. Akakaa nao miezi kadhaa, akiangalia nyumba zao, vitambaa vyao, sheria zao. Vitu vya sanaa alivyokusanya viko mpaka leo kwenye makumbusho ya Hampton.

Wamama waliobeba kazi

Hatuwezi kumtaja peke yake. Mwaka 1894 alimwoa Lucy Gantt, mwalimu na mwimbaji, wakarudi Kasai pamoja. Watoto wao wawili wa kwanza walifia huku Kongo. Wamama mulio hapa, hatuna haja ya kuwaeleza neno hilo. Pamoja na hayo Lucy alifundisha shule, na alisaidia kuandika nyimbo za kanisa katika lugha ya watu wa pale.

Mwaka uleule, pamoja nao, alikuja Maria Fearing. Yeye alizaliwa mtumwa, mwaka 1838. Alikuwa na zaidi ya miaka 50 alipoomba kwenda Kongo, na wakubwa wa misheni wakamkatalia kwamba amezeeka. Akauza nyumba yake, akalipa safari kwa pesa zake mwenyewe. Huko Luebo alilea wasichana katika nyumba iliyoitwa Pantops: wengine walikuwa yatima, wengine walikombolewa kutoka utumwani. Tunamtaja kwa sababu wako wamama hapa waliotoa mabati ya nyumba zao ili jirani apate pa kulala. Hawakungoja mtu awaruhusu.

Hesabu

Sasa tuingie kwenye neno lenyewe.

Munajua kwamba tangu mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alishika Kongo kama parsele yake. Serikali yake ilitaka pembe na mpira, ule utomvu wa porini. Katika Kasai, serikali ilitumia kundi la watu wenye bunduki, watu wa Zappo Zap, kwenda vijijini kudai kodi. Kijiji kikishindwa, wanachoma na kuua.

Mwezi wa 9 mwaka 1899 habari zilifika misheni kwamba upande wa Pianga watu wanauawa na wengine wanakimbilia porini. Misheni ikamwomba Sheppard aende aone. Aliogopa, kama mtu yeyote angeogopa. Akaenda. Njiani alikuta vijiji vimechomwa. Akafika kwenye kambi ya wale wenye bunduki, na kwa kuwa mkubwa wao alimjua, alimpokea na kumwonyesha kila kitu bila kuficha.

Alimwonyesha moto mdogo, na juu ya moto mikono ya watu, ya kuume, inakaushwa ili isioze, maana ilikuwa inapelekwa kwa serikali kama ushahidi wa kazi waliyofanya. Sheppard akaihesabu, mmoja mmoja. Ilikuwa 81.

Wandugu, tukae kidogo hapo. Mtu anayeona kitu kama kile, wa kwanza kwake ni kukimbia, au kulia, au kupiga kelele. Na mtu akirudi nyumbani na hofu ile, angeweza kusema: niliona mikono mia mbili, mia tatu. Nani angemkatalia? Yeye alisimama, akahesabu, akaandika 81.

Na misheni haikutosheka na neno la mtu mmoja, hata kama walimwamini. Ilimtuma mmisionari mwingine, Lachlan Vass, aende Pianga aone kwa macho yake. Vass akaenda, akarudi, akathibitisha. Ndipo mwenzao William Morrison akapeleka malalamiko kwa wakubwa wa serikali na kuandika ng'ambo. Mwaka 1900 habari ilikuwa kwenye magazeti ya Marekani. Mwaka 1905 mwandishi mkubwa Mark Twain alimtaja Sheppard katika kitabu chake juu ya Leopold. Mwaka 1908 Leopold aliinyang'anywa Kongo na nchi yake mwenyewe ya Ubelgiji. Si Sheppard peke yake aliyefanya hayo. Walikuwa wengi, weusi kwa weupe. Lakini hesabu yake ilikuwa moja ya mawe ya msingi.

Gazeti dogo kama hili

Kampuni za mpira hazikuondoka. Mwezi wa 1 mwaka 1908, Sheppard aliandika katika Kasai Herald. Hilo lilikuwa gazeti dogo la misheni, la kupeleka habari kwa wanakanisa na wafadhili, sawasawa na hili letu. Alieleza kwamba Wakuba walikuwa watu wenye nyumba nzuri na mashamba, na sasa wanalazimishwa kutafuta mpira porini kwa malipo madogo sana, mpaka nyumba zinaanguka na mashamba yanabaki bila kulimwa.

Kampuni ya Kasai ikakasirika, ikawashitaki Sheppard na Morrison kwamba wameiharibia jina. Kwa Morrison mashitaka yaliondolewa. Sheppard akabaki. Ilibidi ashuke mto mpaka Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Avoka wake alitoka Ubelgiji, Émile Vandervelde, mkubwa wa chama cha wafanyakazi kule, mtu ambaye hata hakuwa wa dini. Alikuja kumtetea bila kudai malipo. Tarehe 4/10/1909 tribunali likamwachilia Sheppard, na kampuni njo ikalipishwa gharama.

Hatutaki mufikiri kwamba alikuwa malaika. Mwaka 1910 alirudi Marekani, na mbele ya kanisa lake alikiri kwamba huku Kongo alikosa katika ndoa yake. Akasimamishwa uchungaji kwa muda, akakubali adhabu. Baadaye akarudishiwa kazi, akachunga kanisa dogo huko Louisville, jimbo la Kentucky, katikati ya watu maskini, miaka 15 hivi, mpaka alipofariki mwezi wa 11 mwaka 1927. Tunalisema jambo hilo kwa sababu mtu aliyehesabu makosa ya wakubwa alikubali pia kuhesabiwa ya kwake.

Liste yetu

Sasa turudi hapa kwenye meza.

Munakumbuka tulipotoka kwenye makambi ya Goma, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, na wengine waliporudi kutoka Uganda kupitia Bunagana. Kila mtu alikuja na jetoni yake, na hakuna aliyekuja na mabati. Tulikuta nyumba zimeanguka, zingine zimechomwa, mashamba yamekuwa pori, maharagi hakuna, mbuzi hakuna. Tuliunda mutualite hii kwa salongo na kwa kuchangia kidogo kidogo. Halafu wafadhili wakatuuliza: muko wangapi? Nyumba ngapi zimeharibika?

Hapo njo tulianza kugawanyika. Wako waliosema katika mkutano: tuandike mara mbili, kwa sababu wafadhili wanakatakaga nusu. Ukiandika mia, wanatoa hamsini. Tunawaelewa. Sisi wote tulikaa kambini, tuliona namna hiyo, na tuliona wasiokuwa na shida wakiwa na jetoni tatu, na mjane hana hata moja.

Lakini fikirini juu ya yule wa pili, Vass, aliyetumwa kuangalia. Kama Sheppard angesema mia mbili, na wa pili akakuta hesabu haifanani, nani angeamini tena hata ile 81? Uongo wa nyongeza ungewazika mara ya pili wale waliokufa. Na sisi, siku mtu atakapokuja kutoka Goma na karatasi yetu mkononi, akaingia Rugari akakuta nyumba pungufu ya zile tulizoandika, hatakata zile za uongo peke yake. Atakata zote. Yule mama anayelala chini ya shitingi iliyopasuka, yeye njo atalipa uongo wetu.

Na tuseme wazi, mbele yenu, kosa letu sisi komite. Liste ya kwanza ilikuwa mbaya. Mulikuwa na majina yaliyoandikwa mara mbili, kwa bwana na tena kwa bibi. Mulikuwa na watu ambao hawakukimbia hata siku moja, na baadhi yao ni jamaa za watu wa komite. Tuliyaondoa yote kabla ya kuja hapa. Aibu ni yetu, na tunaomba musamehe. Kuanzia leo liste itasomwa kwa sauti katika kila mtaa, mbele ya majirani, kabla ya kwenda popote. Mwenye kupinga jina apinge palepale, si usiku kwa simu.

Tuwaambie kitu kimoja kilichotugusa. Tulipokuwa tunaandika upya upande wa Rugari, kijana wetu alisoma jetoni ya mama mmoja: watu saba. Mama akasema, hapana, andika watano. Kijana akamwambia polepole, mama, acha tu saba, itakuletea chakula zaidi. Mama akajibu: wale wawili walibaki Kanyaruchinya, kwenye udongo. Hawatakula.

Kijana alifuta saba akaandika watano. Halafu alirudi kwetu jioni na swali: wale wawili tuwaandike wapi?

Hatukuwa na jibu. Komite ilikaa siku mbili juu ya neno hilo. Kwa hiyo liste mpya iko na sehemu ya mwisho ambayo ya kwanza haikuwa nayo. Inaitwa Hawakurudi. Humo tunaandika waliofia njiani, waliofia kambini, na wale ambao mpaka leo hatujui wako wapi. Tunaandika jina, kijiji, na mwaka. Sehemu hiyo haileti maharagi wala mabati, na hatutaitumia kuomba kitu. Lakini ile mikono 81 ilikuwa ya watu wenye majina, na Sheppard alipata namba tu, maana majina yao hakukuwa tena mtu wa kumwambia. Sisi tuko bado. Tunaweza kuyasema.

Kwa marafiki wetu

Wafadhili wetu, na watoto wetu muko ng'ambo munaotuma kila mwezi: aksanti sana. Mabati ya kwanza yalitoka kwenu, na mbegu za maharagi pia.

Tunawaomba mambo mawili. La kwanza: musitufanyie kama kanisa lile lilivyomfanyia Sheppard, kumngojesha miaka miwili kwa kukosa msimamizi. Tunajua mashamba yetu, tunajua nani ni mjane na nani anajifanya mjane. Msaada ukipita kwenye mikono mingi sana kabla ya kufika Rutshuru, unafika umekonda. Tuaminini tuhesabu wenyewe.

La pili: mutume mtu wa kuangalia. Hilo halitutukani. Aje bila kutuarifu siku, achague mtaa wowote, ashike karatasi, agonge mlango kwa mlango. Akikuta tumekosa, aandike. Tukiomba tuaminiwe na tukataa kuangaliwa, tutakuwa tunaomba kitu ambacho hata misheni ya Luebo haikumpa Sheppard.

Na ninyi wanamemba, kazi yenu wiki hii ni hii. Kila nyumba ipite kwa mwandishi wa mtaa wake. Sema walioko, usiongeze. Sema wasioko, usione haya. Kama jirani yako ni mzee au mgonjwa, mpeleke, au umlete mwandishi kwake. Mwenye jetoni ya zamani aje nayo, lakini asifikiri kwamba karatasi ya kambi inajua watoto wake kuliko yeye.

Sasa tutasoma majina, mtaa kwa mtaa. Tutaanza na sehemu ya mwisho. Tunaomba tusimame wote, na ukisikia jina la mtu wako, sema tu "ni wetu", halafu tutaendelea.